Nyuzi Nene za Sauti ya Chini

Mwaka nilioanza kazi hii ni ule tuliokula ndizi. Si kama mnavyokula ninyi, vipande viwili kando ya nyama. Tulikula ndizi asubuhi, mchana ndizi, jioni ndizi na mboga chungu ya chinsaga, kwa sababu mvua ya mawe ilipiga mahindi yakiwa yametoa nywele, na michai ikabaki vijiti. Mtu wa Ekerenyo mwenye umri wangu ukimtajia mwaka wa ndizi atashika tumbo. Tarehe mimi sizijui sana. Shule niliacha darasa la nne na mengi niliyosoma yamenitoka, lakini tumbo halisahau.

Haya nayaandikia Kwamboka, mjukuu wangu, na wale wasichana wawili anaofanya nao kazi kwenye meza yangu pale Kisii mjini. Wameniomba niweke kwenye daftari jinsi ya kuchagua nyuzi za gitaa la umeme linaposhushwa sauti. Kila siku wananipigia simu kuniuliza, na mimi nimestaafu, nataka kulala mchana kama wazee wengine. Kwamboka amesema atasahihisha herufi. Herufi sawa. Maneno asiguse.

Baba yangu alipiga obokano. Kwa yule asiyeijua, ni kinubi kikubwa chetu sisi Wakisii, kina nyuzi nane na tumbo la mti lililovikwa ngozi, na kinanguruma kama fahali anayeota ndoto. Wanawake hawakuipiga. Lakini nyuzi zake wakati huo zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, lazima zisokotwe, na vidole vya baba vilikuwa vimeshaanza kufa ganzi. Vyangu vilikuwa vidole vya kuchuma chai, vinakamata kama koleo. Basi akawa ananipa kazi ya kusokota nyuma ya nyumba, watu wasione. Hapo nikajifunza jambo la kwanza bila kujua kwamba nafundishwa: uzi wa sauti ya chini ni mnene. Ukitaka sauti ya chini kwa uzi mwembamba, huna budi kuulegeza, na uzi uliolegea hauimbi, unapiga makofi. Baba alisema ni kama kumvalisha mtoto koti la babu yake halafu umtume shambani.

Mwaka huo wa ndizi hakukuwa na chai ya kuchuma, nikashuka mjini kuuza ndizi. Nilikaa mbele ya kibanda cha Fundi Omae. Yeye alikuwa mtengenezaji wa redio, na kwa kuwa mjini hapakuwa na mwingine, alitengeneza na magitaa. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na siku hiyo alikuwa anautukana uzi. Nyuzi za dukani zilikuwa adimu, kwa hiyo yeye alichomoa waya mmoja kutoka breki ya baiskeli, akauzungushia waya mwembamba wa shaba kutoka redio iliyokufa, ukawa uzi wa sita, ule mnene kuliko wote. Fundi Omae alizungusha, ukafunguka. Akazungusha tena, ukafunguka tena. Nilimtazama mpaka ndizi zikaniaibisha. Nikaweka kikapu chini, nikauchukua mikononi mwake, nikauzungusha kama ninavyosokota mishipa, mzunguko ukilalia mzunguko, bila nafasi ya kupitisha hata ukucha.

Aliuliza nani alinifundisha. Nikamwambia ng'ombe. Akasema nirudi kesho na vidole vyangu, ndizi nibaki nazo nyumbani. Nilirudi na vyote viwili, maana sikumwamini bado.

Siku yangu ya kwanza ya kazi niliharibu kitu. Alinipa uzi mnene mpya wa dukani, wa pekee aliokuwa nao, niufunge. Nikaona ni mrefu, nikaukata kwanza ndipo nikaupitisha kwenye kigingi. Uzi uliozungushiwa waya ukiukata kabla ya kuukunja, ule waya wa juu unaachilia kutoka mwanzo mpaka mwisho, na uzi unakuwa kama nguruwe aliyekufa, mzito na kimya. Fundi Omae hakunifokea. Aliuchukua, akautundika kwenye msumari juu ya kichwa changu, ukakaa hapo mwaka mzima. Kila nikinyanyua macho namuona marehemu. Basi ninyi wasichana: kunja kwanza, pona yake ni hapo, halafu kata. Sitasema mara ya pili.

Mshahara sitauzungumzia. Ulikuwa mfupi, hata nikiueleza utaisha kabla ya sentensi. Cheo nilichokuwa nacho ni kimoja: watu waliniita Mama Nyuzi, na hakikupanda wala kushuka.

Fundi Omae ndiye aliyenifundisha kusoma pakiti. Namba zile ni unene, inchi moja ukiigawa mara elfu. Pakiti iliyoandikwa kumi inaanza na uzi mwembamba wa kumi na kuishia arobaini na sita. Watu wanaiita kwa ule mwembamba tu, kama vile mzazi anavyoitwa kwa jina la mtoto wake mmoja. Kumi ni ya gitaa lililofungwa kawaida. Ukilishusha sauti moja nzima, nenda kumi na moja. Ukilishusha mbili, nenda kumi na mbili au kumi na tatu, na ule wa chini kabisa ukaribie hamsini na sita. Zaidi ya hapo unaingia kwa nyuzi za sitini na kitu, na hapo tutafika kwa Kwamboka. Kama mtu anashusha ule wa sita peke yake na wengine wanabaki juu, usiwabebeshe wote unene. Mnenepeshe huyo mmoja.

Hiyo ni hesabu, na hesabu mtu yeyote anaweza. Sasa niwaambie kosa nililofanya, ambalo hesabu isingelizuia.

Mwaka wa kosa hilo ni ule sukari ilipopotea madukani, tukawa tunakunywa chai na kipande cha muwa mkononi, unatafuna, unapiga funda. Fundi Omae alikuwa ameshaacha kazi kwa sababu ya macho, na meza ilikuwa yangu. Mteja wangu mkubwa alikuwa Mzee Ogeto wa Ikonge, mwimbaji, kiongozi wa bendi iliyopiga kwenye harusi zote kuanzia Nyamira hadi Nyamache. Alikuwa na sauti ya juu, nyembamba, inayopenya kama sindano kwenye gunia. Gitaa lake nilikuwa nalifunga pakiti ya kumi kila baada ya miezi mitatu, na sikuwahi kuliwazia mara mbili.

Sasa jambo moja mtu wa nje asipoambiwa hataelewa. Mzee Ogeto ni kaka mkubwa wa baba ya mume wangu. Kwa mila yetu huyo ni baba mkwe wangu kamili, na kati yetu kuna ensoni. Ensoni ni heshima yenye aibu ndani yake. Sikai naye chumba kimoja kidogo, simpi mkono, simwangalii usoni, na habari za mwili wake sizitaji, hata kikohozi. Kwa hiyo gitaa lake lilikuwa linaletwa na mke wake, Mama Kemunto, likiwa limefungwa kwa leso mgongoni kama mtoto, na linarudi vivyo hivyo. Miaka yote hiyo yeye hakukanyaga kibandani kwangu, wala mimi sikuwahi kumsikia akiimba karibu. Nilimsikia harusini tu, nikiwa nyuma kwenye masufuria.

Mwaka huo wa muwa Mzee Ogeto aliugua kifua muda mrefu. Akapona, lakini Mama Kemunto alipoleta gitaa aliniambia, akitazama kando, kwamba mzee siku hizi anaongea kama mtu aliye ndani ya pipa. Nilimsikia vizuri. Ningeuliza nini? Mke wa mwana aulize habari ya koo la baba mkwe wake? Nikafunga kumi kama kawaida, nikalifuta vumbi, nikalirudisha mgongoni mwa mama.

Wiki iliyofuata kulikuwa na harusi Nyamache, na mimi nilikuwepo, nachota pilau. Mzee akaanza kuimba, sauti ikakataa kupanda. Akajaribu tena, ikakataa. Akawaambia wenzake washushe magitaa, nao wakashusha, naye akashusha lake, sauti mbili nzima. Nyuzi zangu nyembamba zikalegea kama kamba ya kuanikia nguo za watoto sita. Alipozibonyeza, sauti ilikimbia juu. Alipozipiga, ule wa sita uligongagonga shingo ya gitaa. Kijana mmoja aliyeshiba akasema kwa sauti kwamba mzee leo anapiga kiunzi cha kitanda. Watu wakacheka. Si kwa ubaya, ni pilau. Lakini Mzee Ogeto alililaza gitaa kwenye kiti kifudifudi, akatoka nje, na hakurudi.

Kesho yake habari zilitufikia Ekerenyo kabla ya maziwa: Mzee Ogeto ameacha kuimba. Na hiyo ingekuwa huzuni ya kawaida, isipokuwa binti yake wa mwisho, Kemunto, alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu. Dada zake wanne wote walitolewa nyumbani na wimbo wa baba yao. Kemunto alikuwa mtoto wa uzeeni na kichwa chake kilikuwa kigumu kama kisiki. Akasema asipoimbiwa na baba yake hatatoka mlangoni. Watu wa bwana arusi wakatuma ujumbe kuuliza kama ni utani. Akawajibu waje waone.

Nilikaa siku mbili nikijua kwamba kosa ni langu. Siku ya tatu nikamwachia jirani ng'ombe wangu, nikaenda Ikonge.

Nilipokelewa jikoni na Mama Kemunto, jiko la udongo la zamani lenye moshi mpaka kwenye kope. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na kibaraza alikokaa mzee. Nikamwomba mama amwambie kwamba nyuzi nilizofunga hazikumfaa, na nataka kulifunga gitaa upya. Akatoka, akarudi. Mzee anasema nyuzi hazina kosa, kosa ni la uzee, na gitaa litundikwe juu ya moto liote moshi pamoja na mbegu za mahindi. Nikamtuma tena: uzee hauna namba, nyuzi zina namba. Akarudi: mzee anasema asante na salamu kwa watoto. Nikamtuma tena. Mara ya nne Mama Kemunto alirudi, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu.

"Kerubo," aliniambia, "mimi si simu. Ukuta huu ni wa udongo, anakusikia kila neno. Sema na ukuta."

Basi nikaugeukia ukuta. Nikauambia kwamba nilijua koo limebadilika, niliambiwa, nikaona haya kuuliza, nikafunga nyuzi za mtu wa zamani. Nikauambia kwamba unene wa uzi unatoka kwa mwimbaji, hautoki dukani, na kama wiki tatu zikiisha Kemunto akiwa bado ameshikilia mlango, aibu hiyo itakuwa kubwa kuliko ensoni ya ukoo mzima.

Ukuta ulikohoa. Kisha ukasema, kwa sauti niliyoidhania ni ya mtu mwingine:

"Kama ni lazima, funga zozote. Nene. Wewe unajua."

"Hapana," nikasema. "Sifungi uzi kabla sijasikia sauti."

Mama Kemunto alijifunika mdomo kwa leso. Nilikuwa nimemwambia baba mkwe hapana, tena nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake. Tukasikia kiti kikisogea, fimbo ikishuka ngazi na kwenda mbali. Nikaanza kutafuta viatu vyangu. Ndipo kule nyuma, ndani ya migomba, ambako hakuna mtu anayemwona mwingine, akaanza kuimba.

Kwanza alijaribu kupanda mahali alipozoea, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Mara ya tatu hakupanda. Akaiachia sauti ishuke yenyewe mahali inapotaka, na nilipoisikia niliijua. Ilikuwa sauti ya obokano ya baba yangu. Pana, yenye mchanga mchanga ndani yake, inasikika tumboni kabla ya masikioni. Haikuwa sauti iliyoharibika hata kidogo. Ilikuwa imehamia nyumba nyingine, na sisi tulikuwa bado tunaitafuta kwenye ile ya zamani.

Nikashika gitaa lililoegemezwa pale jikoni, nikalegeza uzi polepole mpaka ukakutana na pale alipopumzika. Sauti mbili nzima chini. Nikalifunga leso, nikaondoka bila kuaga migomba.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kuna kazi. Pakiti ya kumi na tatu Kisii haikuwepo. Zilikuwepo za kumi tu. Nikachukua pakiti mbili. Uzi mwembamba wa kwanza nikautupa, halafu nikasogeza kila mmoja nafasi moja: wa pili ukawa wa kwanza, wa tatu ukawa wa pili, hivyo hivyo mpaka wa sita ukawa wa tano. Faida yake nyingine ni kwamba wa tatu unakuwa uliozungushiwa waya, na gitaa la chini linautaka hivyo. Ukiwa mtupu na mnene unalia kama kopo. Ikabaki nafasi ya wa sita wenyewe. Nikatoa ule wa arobaini na sita kwenye pakiti ya pili, nikatafuta redio iliyokufa, nikauvalisha shaba juu ya chuma, mzunguko ukilalia mzunguko, vile nilivyokuwa nikifanya nyuma ya nyumba ya baba. Nikaenda kwa fundi wa mashine za kusaga, akaupima kwa kipimo chake cha chuma: hamsini na sita kamili. Akaniuliza ni wa kufungia nini. Nikamwambia bibi arusi.

Halafu uzi mnene haukai kwenye mkato mwembamba. Kile kipande cha mfupa kule juu shingoni, kila mkato niliupanua kwa msasa niliouzungushia kwenye uzi wenyewe, kidogo, napuliza, kidogo, napuliza. Ukiharakisha, mkato unazama na uzi unakwaruza vyuma vyote vya shingoni. Kaza chuma kile cha ndani ya shingo robo mzunguko tu, maana nyuzi nene zinaivuta shingo ipinde kama upinde, kisha uliache lilale mpaka kesho. Gitaa ni mti, halipendi kukurupushwa. Mwisho rudisha nyuma vile vikalio vya nyuzi kule chini, mpaka sauti ya katikati ya shingo ikubaliane na sauti ya uzi usiobonyezwa. Nilimaliza siku ya tatu. Mama Kemunto akaja akalibeba.

Wiki mbili zikapita bila neno. Hakuna salamu, hakuna lawama. Mume wangu akaniambia labda mzee amelitundika kwenye moshi kweli. Nikamwambia ale.

Siku ya harusi nilikuwa Ikonge tangu alfajiri, nyuma ya nyumba kwenye masufuria, mahali pangu. Watu wa bwana arusi walikuwa wameshafika na walikuwa wamechoka kusimama. Kemunto alikuwa ndani, amevaa, amekaa, mlango umefungwa. Jenereta likawashwa. Nikasikia mtu akijaribu gitaa, uzi mmoja, mwingine, mwingine. Kisha wa sita ukapigwa, na kifuniko cha sufuria mbele yangu kikatetemeka. Bibi mmoja mzee kando yangu alisimamisha mwiko, akauliza nani ameleta obokano kwenye harusi ya Kikristo.

Mzee Ogeto aliimba chini kabisa na polepole, hata watoto wakaacha kukimbia. Hakuna kilichogonga, hakuna kilicholegea. Ile shaba ya redio ilinguruma chini ya kila neno lake, na nikajua kwa mara ya kwanza kwamba mikono yangu inaweza kusikika mahali ambapo mimi mwenyewe siruhusiwi kukaa. Mlango ulifunguka. Kemunto alitoka akicheza, tena kwa madaha, kana kwamba hakuwa amewasimamisha watu saa nzima. Walioniona wakasema vitunguu vimenitoa machozi. Nilikuwa nakata kabichi.

Jioni Mama Kemunto alikuja na salamu. Mzee amesema mbuya mono, vizuri sana. Kisha amesema ule wa sita una ladha ya redio, wakati mwingine unataka kusoma habari.

Tangu siku hiyo sikuwahi kufunga gitaa la mtu bila kumsikia. Watu walilalamika. Mwalimu mmoja wa kwaya ya Kisabato alisema yeye ni mpigaji tu, haimbi. Nikamwambia aimbishe wale anaowapigia, akaniletea mabesi wanne wakasimama kibandani wakaimba mpaka soko likaja mlangoni. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliimba sauti ambayo si yake, ya chini, ya kujifanya simba, kwa sababu alikuja na mchumba. Nikamwambia aketi anywe chai. Alipocheka, sauti yake halisi ikamtoka, nyembamba kama ya kifaranga, nikamfungia kumi. Mchumba alicheka pia, na nasikia walioana.

Kisha ukaja wakati wa Kwamboka. Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza, na nikimsifu mtanivumilia, hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwangu. Alikuja na wenzake watatu na gitaa jeusi, akasema wanalishusha mpaka karibu na kaburi. Alikuwa na simu yenye jedwali la namba zote, kila sauti na unene wake, limepangwa vizuri kuliko ratiba ya shule.

"Magokoro, hapa imeandikwa kila kitu," akasema. "Tunataka sitini na mbili kwa ule wa sita. Weka tu."

Nikamwambia mimi bibi yako nakupenda, lakini sifungi uzi kabla sijasikia sauti. Akasema hawaimbi, wananguruma. Nikasema basi ngurumeni. Wakatazamana. Kwamboka akavuta pumzi, mtoto niliyemlisha uji kwa mkono huu, akatoa kitu ambacho sijui kilikuwa kimekaa wapi ndani yake. Kuku walipanda juu ya paa. Muuza viazi wa kibanda cha pili alikuja na fimbo kuuliza kama ni chui. Nami nikacheka mpaka nikashika meza, kwa sababu lile jedwali la simu lilikuwa limekosea: msichana ananguruma chini zaidi ya anavyofikiri. Nikamfungia sitini na sita, tukalazimika kutoboa kigingi kidogo ndipo ukapita. Siku hizi anasema hiyo ndiyo siri ya bendi yao. Siri ni kuku. Waliruka mapema kuliko yeye kujijua.

Ndiye huyo aliyebaki na meza yangu. Vidole vyake vinakamata kama koleo.

Mwezi uliopita walinifanyia karamu ndogo ya kustaafu pale kibandani, chai na ndizi za kuchemsha, maana nilizitaka mwenyewe. Tulikuwa tunakunywa tuliposikia fimbo kwa nje. Mzee Ogeto sasa ni mkongwe, Mama Kemunto tulimzika, na bado hajawahi kuingia kibandani kwangu. Alisimama nyuma ya mabati kama miaka yote, na gitaa likapitishwa dirishani limefungwa leso ile ile. Binti wa Kemunto anaolewa. Kifua kilimlaza mzee tena msimu wote wa mvua, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akiimba, hata kanisani.

Kwamboka akasema namba za mzee ziko ukutani, bibi alizichora mwenyewe kwa mkaa, pakiti iko hapa, ni dakika kumi na tano. Alishaanza kuichana.

"Kerubo," mabati yakasema, taratibu. "Nitapiga tu. Kuimba wataimba vijana. Namba zangu unazijua. Funga, niende."

Niliweka kikombe chini. Nikalichukua gitaa nikalipakata, nikazilegeza nyuzi zote sita moja baada ya nyingine, asiweze kulibeba likiwa hivyo. Kisha nikayageukia mabati.

"Hapana," nikasema. "Sifungi uzi kabla sijasikia sauti."